Nenda Ukaulize Kwanza

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni, kutoka kwa kasisi wa Dundori, Nakuru
Somo: Yoshua 22:10–34

Nawasalimu kutoka Dundori, huku juu ambako asubuhi hii ukungu umefunika mashamba hata mtu hamtambui jirani yake aliye ng'ambo ya barabara. Najua wengi wenu mnaonisikiliza saa hizi mwaenda kazini. Wengine mmesimama kando ya barabara na madebe ya maziwa, mkingojea gari. Wengine mmo katika matatu, mkiteremka kwenda Lanet na Nakuru mjini. Wengine mna jembe begani, mwaenda kuchimba viazi vya mtu. Wako walimu, makarani, wauguzi, na walinzi ambao ndio kwanza wanatoka zamu. Neno la leo ni la watu wanaofanya kazi pamoja, yule anayeajiri na yule aliyeajiriwa.

Kama unayo Biblia karibu, fungua kitabu cha Yoshua, sura ya 22, kuanzia mstari wa 10. Kama huna, sikiliza tu, nami nitakusimulia.

Vita vya kuingia nchi ya ahadi vilikuwa vimetulia. Watu wa Reubeni, watu wa Gadi na nusu ya kabila la Manase walikuwa wamepigana bega kwa bega na ndugu zao kwa muda mrefu. Sasa Yoshua amewabariki na kuwaaga, wavuke Yordani warudi kwao upande wa mashariki. Walipofika mtoni wakajenga madhabahu, tena kubwa ya kuonekana kwa mbali. Sababu walikuwa nayo, lakini hawakumwambia mtu. Habari zikawafikia makabila mengine kwamba wale wenzao wamejijengea madhabahu. Mara wote wakakusanyika Shilo, tayari kwenda kupigana nao.

Hebu fikirini, ndugu zangu. Juzi juzi watu hawa walikuwa wakilala katika kambi moja, na leo wananoleana panga. Ni nini kilichoingia katikati yao? Si wizi, wala si damu iliyomwagika. Upande mmoja ulifanya jambo jema bila kulieleza, na upande wa pili ukaliona jambo lile bila kuliuliza. Hayo mawili yalitosha kuwafikisha ukingoni mwa vita.

Lakini namshukuru Mungu kwa ajili ya hekima waliyopewa. Kabla ya kuvuka na majeshi, walimtuma Finehasi, mwana wa Eleazari kuhani, pamoja na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila. Hao wakavuka, wakakaa na ndugu zao uso kwa uso, wakasema lililowauma bila kuficha. Ndipo wenye madhabahu wakaeleza kwamba hawakuijenga kwa ajili ya sadaka hata kidogo. Walikuwa na hofu. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa ng'ambo wangewaambia watoto wao kwamba mto ni mpaka, nao hawana sehemu kwa Bwana. Madhabahu ile ilikuwa shahidi tu, kwamba wao pia ni watu wa Mungu. Finehasi aliposikia hayo aliridhika, akarudi na habari njema, na watu hawakusema tena habari za vita.

Wapendwa, sura hii naijua kwa sababu niliisoma nilipokuwa chuo cha theolojia, nikaandika mtihani juu yake, nikafaulu. Lakini niliielewa miaka mingi baadaye, na aliyenifundisha hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa fundi wa mawe.

Nilikuwa nikitumikia parokia nyingine wakati ule. Tulikuwa tunajenga ofisi ya kanisa. Tulimwandika fundi mmoja, mzee mtulivu, mshiriki wa kanisa letu, pamoja na vibarua watatu. Mapatano yetu yalikuwa kwamba atalipwa kila baada ya majuma mawili, siku ya Jumamosi. Mwanzoni tulilipa vizuri. Kisha bei ya viazi ikaanguka, sadaka zikapungua, na watu walioahidi fedha katika harambee wakakawia kuzileta. Mimi na mweka hazina tulijua wazi kwamba Jumamosi ile hapakuwa na malipo. Je, tulimwambia fundi? La. Tuliona aibu. Tulisema mioyoni mwetu, pengine patatokea kitu. Jumamosi ilipofika, mimi nilikwenda mazishini, mweka hazina akaenda sokoni, na yule mzee akakaa juu ya rundo la mawe hadi jioni, akitungojea.

Jumatatu hakuja kazini. Jumanne hakuja. Jumatano mlinzi akahesabu simiti katika stoo, akaona mifuko miwili haipo. Kufikia Alhamisi kijiji kizima kilikuwa kikisema kwamba fundi ametoroka na simiti ya kanisa. Nami nikasadiki. Siku ya Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama mbele ya watu wa Mungu nikasema kwamba tutatafuta fundi mwingine, fundi mwaminifu. Sikumtaja jina. Lakini neno lile "mwaminifu" lilitosha, kila mtu alimjua. Na watoto wake wawili walikuwa wameketi kwenye benchi la tatu.

Jioni ile mama mmoja mjane, mzee wa kanisa, alinijia nyumbani. Hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu: "Pasta, ulikwenda kwake ukamwuliza?" Nikakosa jibu.

Asubuhi nilikwenda. Nilimkuta akipasua kuni. Alinikaribisha ndani, na mkewe akatuwekea chai, maana kwetu hata aliyekukosea hunywa chai kwanza. Tulipokwisha kunywa akanichukua hadi nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na mifuko miwili ya simiti, imeinuliwa juu ya mbao na kufunikwa vizuri kwa karatasi ya nailoni.

Akasema, "Stoo ya kanisa inavuja, Pasta. Jumamosi ile nikikungojea, mvua ilianza, na mifuko hii ilikuwa chini ya tundu. Mlinzi alikuwa bado hajaingia zamu. Nikaileta hapa kwa mkokoteni isiharibike, nikamtuma kijana akuambie."

Yule kijana alikuwa amesahau.

Nikamwuliza, "Na mbona hukurudi kazini, mzee wangu?"

Akatazama chini. "Mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilikwenda kwa ndugu yangu, Njoro, kukopa. Ningekuja kwako, lakini niliona wewe una aibu ya kunilipa, nami nikaona aibu ya kukudai."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoielewa sura ya 22 ya Yoshua. Nilimwomba radhi palepale, machozi yakinilenga. Naye akanisamehe. Lakini aliongeza neno hili: "Ulisema mbele ya watu, Pasta. Useme mbele ya watu." Jumapili iliyofuata nikasimama mahali pale pale, wakati ule ule wa matangazo, nikaeleza yote, pamoja na habari ya Jumamosi niliyojificha mazishini. Alirudi, akamaliza ofisi ile, na hata leo imesimama. Lakini nitawaambia ukweli. Kila jioni, hadi siku ya mwisho ya kazi, alikuwa akimwita mlinzi wahesabu simiti pamoja kabla hajaenda nyumbani. Kuaminiana tulikokubomoa kwa tangazo la dakika moja, tulikujenga tena kwa miezi mingi.

Katika mambo haya nataka tuchukue mafundisho manne ya kupeleka kazini leo.

La kwanza ni hili: kimya hakikai kitupu. Mahali penye neno la kweli pakiachwa wazi, uvumi huingia na kukaa. Mwajiri akijua kwamba mshahara utachelewa, na asiseme, wafanyakazi hawatasema, "Bila shaka ana sababu." Watasema amezila. Mfanyakazi akiwa na mgonjwa nyumbani, na asiseme, mwajiri hatasema, "Huenda ana shida." Atasema huyu ni mvivu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Habari mbaya ikisemwa mapema, na kwa kinywa chako mwenyewe, huuma siku moja. Ikifichwa, huuma mwaka mzima. Kama Jumamosi ile ningemwambia yule mzee, "Fedha hazijaja, nami sijui zitakuja lini, tushauriane," angehuzunika, lakini tungekuwa pamoja katika shida ile.

La pili: neno moja liwe na kipimo kimoja. Ninyi wakulima wa viazi, wa huku Dundori na wa Nyandarua, mnaijua lumbesi. Mnunuzi akija shambani husema, "Nitakulipa kwa gunia." Mkulima naye husema, "Sawa, kwa gunia." Wameshikana mikono. Lakini mkulima anawaza gunia la kilo 50, ambalo ndilo kipimo cha sheria, na mnunuzi anawaza gunia lililoshonewa wavu juu likawa na kichwa kama kilemba. Wametaja neno moja, lakini kila mtu ana gunia lake moyoni. Siku ya kupakia lori ndipo ugomvi unapoanza.

Basi kazini tunayo maneno mengi ya lumbesi. "Nitakuangalia mwisho wa mwezi." "Njoo mapema." "Fanya kidogo hapo, tutaelewana." Kuelewana lini? Kwa kiasi gani? Mapema ni saa moja au saa tatu? Ndugu yangu unayeandika vibarua, onyesha mistari ya kupalilia, taja malipo, taja saa na siku ya kulipa, kisha mwulize mtu akurudishie kwa maneno yake mwenyewe yale mliyopatana. Na wewe kibarua, usione haya kuuliza kabla hujashika jembe. Kuuliza si ujinga. Bwana wetu Yesu katika mahubiri yake ya mlimani alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo kweli, na siyo yetu iwe siyo kweli. Mafundisho hayo ni ya kanisani, na ni ya shambani pia.

La tatu: sema na mtu mwenyewe. Wapo watu wanaosemwa siku zote, lakini hawasemeshwi. Nchi yetu inayo kumbukumbu chungu katika jambo hili. Babu zetu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi, katika Bonde hili la Ufa, walilazimishwa kubeba kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vikuu vya kwanza vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika alikitia katika kijaluba cha chuma, akakivaa shingoni, na watu wakakifananisha na kengele ya mbuzi. Ndani yake mwajiri aliandika mshahara wa mtu yule, siku alipoanza kazi na siku alipoachiliwa. Wengi waliokibeba hawakujua kusoma. Mtu alitembea na habari zake mwenyewe kifuani, zimeandikwa na mwingine, naye hazijui. Na kama mwajiri hakutia sahihi ya kumwachilia, kupata kazi kwingine kulikuwa taabu.

Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Waliokatwa hawakuulizwa. Mmoja wa waliosimama kulalamika alikuwa Harry Thuku, ambaye kazi yake ilikuwa ya simu katika Hazina ya serikali, Nairobi. Kijana yule alikuwa akiwaunganisha wakubwa wapate kuzungumza, lakini yeye na watu wake hawakuwa na mtu wa kuzungumza nao. Mwezi wa Machi 1922 akakamatwa, na watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi. Hayo ndiyo matunda ya kuwasema watu bila kuwasemesha.

Kipande kiliondoka, namshukuru Mungu. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 41, inasema kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo aruhusiwe kuwa na mwenzake wa kazini karibu naye, na wasikizwe. Angalieni, wapendwa. Hivyo ndivyo Finehasi alivyofanya kando ya Yordani zamani sana. Alisema shtaka, kisha akanyamaza, akasikiliza jibu. Lakini je, tunangojea mpaka siku ya kumfukuza mtu ndipo tuseme naye kwa lugha anayoielewa? Msimamizi, usingoje kosa liwe rundo. Mwite mtu wako kando, si mbele ya wenzake. Mwambie uliloliona, kisha umwulize. Wala usimtume kijana, wala usitegemee ujumbe wa simu peke yake. Ujumbe hauonyeshi uso, na kijana husahau.

La nne: kosa liungamwe mahali lilipotendwa. Mara nyingi sisi wakubwa hukosea hadharani na kuomba radhi mafichoni. Tunamvunjia mtu heshima mbele ya kiwanda kizima, kisha tunamwita ofisini na kumnong'oneza, "Pole, yaishe." Hayaishi. Waliosikia aibu yake na wasikie na utakaso wake. Wengine huogopa kwamba wakikiri watadharauliwa. Mimi nilikiri, na sikudharauliwa. Baada ya Jumapili ile watu walianza kunijia na mambo waliyoyaficha muda mrefu, kwa maana waliona kwamba mchungaji wao anaweza kuambiwa amekosa.

Labda msikilizaji mmoja atasema, "Pasta, tajiri yangu ni mwema sana wa maneno. Anatusalimu, anatueleza yote, lakini halipi." Ndugu, neno lako ni la haki. Maneno matamu yasiyo na malipo nyuma yake ni udanganyifu, na yule anayeyatumia hivyo anatumia zawadi ya Mungu kwa kuiba. Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, anaonya kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio hicho kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ahadi ni deni. Basi mazungumzo mema hayachukui mahali pa haki. Ni njia tu ya haki kupita.

Na sasa nimalizie hapa. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, chatuambia kwamba Adamu na mkewe walipokosa walijificha. Mungu alijua walipo. Alijua na walilolitenda. Hata hivyo hakuanza na hukumu, alianza na swali. Alimwita Adamu akamwuliza aliko, akamwuliza alilolifanya, akampa nafasi ya kujibu. Na Kaini naye aliulizwa. Wapendwa, ikiwa Mungu ajuaye yote aliuliza kwanza, sisi tusiojua hata kilicho nyuma ya nyumba ya fundi, haraka yetu ya kuhukumu imetoka wapi?

Leo unapofika kazini, yuko mtu mmoja unayemfikiria sasa hivi ninaposema. Pengine ni kibarua uliyemshuku. Pengine ni msimamizi aliyekuumiza kwa neno. Pengine ni mwenzako ambaye hamjasalimiana tangu mwezi uliopita, na hakuna ajuaye vema ugomvi ulianzia wapi. Kabla jua halijatua, vuka Yordani uende kwake. Usiende na jeshi. Nenda na swali, "Ndugu yangu, niliona jambo hili, nami sikulielewa. Nieleze." Kisha unyamaze, usikilize. Na kama deni liko kwako, usijifiche mazishini kama nilivyofanya mimi.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetuuliza kabla ya kutuhukumu, tunakushukuru kwa kazi za mikono yetu. Tunawaombea waajiri wote, uwape ujasiri wa kusema kweli mapema na moyo wa kulipa kwa wakati. Tunawaombea wafanyakazi wote, uwaondolee hofu na uchungu, uwape kinywa cha kusema bila matukano. Uwakumbuke wale walioitwa wezi nao hawakuiba, na watoto wao waliosikia. Utusamehe sisi tuliosema bila kuuliza. Utupeleke leo kwa ndugu zetu, na utuandalie njia mbele yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia siku njema kazini. Mungu awabariki.